Nani atasikiliza? Njia tatu za kuunganisha watafiti wa sauti za wanyamapori Afrika Mashariki

Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 16 hivi. Unaweza kukesha wiki nzima ndani ya Arabuko-Sokoke usione hata unyoya wake, ilhali usiku wa kwanza tu umeshamsikia: kuk-kuk-kuk-kuk, kama mgeni anayegonga mlango kwa kucha, hana haraka. Makazi yake yanayojulikana ni machache: msitu huo na maeneo ya jirani yake pwani ya Kenya, na misitu ya chini ya Usambara Mashariki upande wa Tanzania. Ndege mmoja, nchi mbili, vibali viwili, na aghalabu makundi mawili ya vijana wenye vinasa sauti ambao hawajawahi hata kupigiana simu.

Ninawaandikia vijana hao, pamoja na wenzao wa misitu ya Taita (Kenya), Udzungwa (Tanzania), Budongo (Uganda) na Nyungwe (Rwanda) wanaotaka kuungana lakini hawajui waanzie wapi. Swali ninaloletewa kwanza huwa ni "tununue kinasa gani?" Nitalijibu, ila nitalijibu mwishomwisho, kwa sababu kuna swali linalotangulia: nani atasikiliza?

Tupige hesabu. Kinasa kimoja kinachorekodi mfululizo kwa kilohezi 48 (yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde), biti 16, chaneli moja, hujaza gigabaiti 8.3 kwa siku. Tundika vinasa 20 kwa siku 30, umeshapata karibu terabaiti 5, yaani saa 14,400 za sauti. Mtu mmoja akisikiliza saa sita kila siku, bila kupumzika Jumapili wala Idi, atamaliza baada ya miaka sita na nusu. Kinasa hakilali, hakiumwi, wala hakidai posho. Anayechoka ni binadamu mwenye visikizi masikioni. Ndiyo maana kila njia hapa chini nimeipima kwa kipimo hicho kimoja, hata pale ambapo wafadhili wangependa tuanze na picha za vifaa vipya.

Kituo kimoja chenye kila kitu

Katika njia hii chuo au taasisi moja hununua vinasa vyote, huamua mipangilio, hukusanya kadi na kutunza rekodi. Mfano mkubwa uko Australia, ambako mtandao wa kitaifa wa kusikiliza mazingira ulianza 2019. Una vinasa takriban 360 vinavyotumia umeme wa jua, vinne vinne katika maeneo 90, viwili karibu na maji na viwili pakavu, na rekodi zake ziko wazi kwa umma. Karibu na kwetu kuna mradi wa kusikiliza tembo wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ulioanzishwa na Katy Payne mwaka 1999. Katika hifadhi ya Nouabalé-Ndoki, Congo-Brazzaville, mradi huo ulitandaza vinasa 50, kila kimoja kikisimamia eneo la kilomita za mraba 25. Tembo wa msituni huongea kwa sauti nzito ambazo sehemu yake kubwa sikio la binadamu haliipati. Payne mwenyewe aliligundua jambo hilo mwaka 1984 katika bustani ya wanyama ya Portland, alipohisi hewa ikitetema kando ya tembo wa Asia bila kusikia kitu.

Nguvu ya kituo kimoja ni kwamba sikio ni lile lile. Mlio wa bunduki wa Januari na wa Julai vimenaswa na mashine ya aina moja, kwa mipangilio ile ile, kwenye mti ule ule. Anayetaka kujua kama ujangili umeongezeka au umepungua kwa miaka mitano hana njia bora kuliko hii, kwa sababu wasikilizaji wameajiriwa, wamekaa chumba kimoja, na wana mtu wa kuwauliza Jumatatu wamefika wapi.

Udhaifu wake ni mipaka. Kituo kilichoko Morogoro hakiwezi kuamka tu kikatundika vinasa Kwale, Kenya. Tanzania utapita COSTECH (tume ya sayansi), kisha TAWIRI (taasisi ya utafiti) kwa wanyamapori na TFS (wakala wa misitu) kama ni msitu wa hifadhi. Kenya utaanza na NACOSTI (tume ya sayansi), uende WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na KWS (shirika la wanyamapori) au KFS (shirika la misitu) kulingana na eneo. Uganda kuna UNCST (baraza la sayansi) na UWA (mamlaka ya wanyamapori). Kila mlango una fomu zake na foleni yake, na mwenyeji aliyeko ndani ya nchi huupita kwa urahisi kuliko mgeni.

Kuna udhaifu mwingine ambao hauandikwi kwenye ripoti. Kijana wa kijijini anayepanda mlima kila baada ya miezi mitatu kubadilisha betri hasikii hata sekunde moja ya alichokinasa. Kadi inaondoka, jina lake linabaki kwenye karatasi ya malipo. Mradi ukiisha, ujuzi wote umepanda gari pamoja na kadi. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja, na sijaona sababu ya kuuita huo ushirikiano.

Mtandao wa vikundi vilivyo sawa

Katika njia ya pili kila kikundi kina vinasa vyake, kibali chake na msitu wake, na vinakubaliana kuhusu mambo machache tu. Hakuna bosi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia ninayoiamini na ndiyo iliyonitesa.

Kwanza uzuri wake, na mfano wangu hauna miti. Mwaka 2017 timu ya mtafiti wa nyangumi Salvatore Cerchio ilikuwa ikisikiliza nyangumi wa Omura katika Mlango wa Msumbiji, pwani ya Madagascar, ikanasa wimbo wa nyangumi wa buluu ambao haukuwa umeelezwa popote. Cerchio alikuwa akifanya kazi pia na watafiti wa Oman. Kumbe wimbo ule ule ulikuwa kwenye rekodi za Bahari ya Arabuni. Waliokuwa na rekodi za visiwa vya Chagos nao wakautambua. Matokeo yalichapishwa 2020, na kundi zima la nyangumi ambalo halikuwa kwenye hesabu ya mtu likaingia vitabuni. Kila timu ingefungia diski zake kabatini, kungekuwa na kelele tatu za ajabu katika kona tatu za bahari, kila moja na faili lake lisilo na jina.

Misitu yetu imejaa visa vya namna hiyo vinavyosubiri. Komba wadogo wa pwani na wa milima ya Tao la Mashariki wanafanana kiasi kwamba mtafiti mzoefu mwenye tochi anaweza kubabaika, lakini kila spishi ina mwito wake, na kwa miaka mingi mwito huo ndio umekuwa kitambulisho chao. Huko Taita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, chenye kituo Wundanyi, walionyesha mwaka 2020 kwamba komba mdogo wa milima ile bado yupo, na wakaeleza milio ya perere (pimbi wa mitini) wa Taita ambayo haikuwa imeelezwa kabla. Swali la kujiuliza ni hili: perere wa Pare, ng'ambo tu ya mpaka, analia vipi? Wa Usambara je? Hilo halijibiki kwa kikundi kimoja.

Sasa mateso. Mwaka wa kwanza katika kikundi nilichokuwamo tulikuwa misitu mitatu, na tuliagizana kwa ujumbe wa WhatsApp: "Kinasa kiwake saa kumi na moja hadi saa moja." Kila Mswahili ameelewa, ni alfajiri, ndege wanapoamka. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye programu 11 hadi 13, akarekodi adhuhuri ambayo hata nyenje walikuwa wamechoka. Wa pili aliandika 05:00 hadi 07:00, sahihi kabisa, ila kinasa chake kilikuwa kinahesabu kwa saa za dunia za UTC, ambazo ziko saa tatu nyuma yetu. Kwa hiyo kiliwaka saa mbili asubuhi, milio ya alfajiri imeshapoa. Mimi, niliyekuwa nikiwacheka, nilipatia saa nikasahau kuandika kinasa namba ngapi kiko mti gani. Msimu mzima ulikwenda, na kulinganisha msitu na msitu kukawa kama kulinganisha futari na chakula cha mchana.

Tangu hapo nimeshikilia kwamba mtandao wa namna hii unahitaji karatasi moja, si kitabu cha mwongozo cha kurasa 40. Karatasi hiyo iseme: kilohezi 48, faili za WAV na si MP3 (ambayo hubana sauti na kupoteza sehemu yake), dakika moja katika kila dakika kumi mchana na usiku, saa zote ziandikwe kwa UTC na pembeni ziandikwe kwa maneno ("alfajiri", "magharibi"), kinasa kifungwe kimo cha kifua au juu kidogo, na kila kadi irudi na picha ya mti iliyopigwa kwa simu. Kikundi kinachotaka zaidi ya hapo kifanye zaidi, lakini kisipungukiwe na hayo.

Dakika moja kwa kumi si uvivu. Inashusha ile terabaiti 5 hadi gigabaiti 500, na saa 14,400 hadi 1,440. Vikundi sita vyenye wasikilizaji wawili wawili ni watu 12. Kwa saa sita kwa siku, kila mmoja ana kazi ya siku 20. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza hesabu inaanza kufanana na maisha ya watu wenye masomo na mashamba. Unachopoteza ni vitu vya nadra na vya ghafla. Risasi haisubiri dakika yako ya kumi.

Kujiunga na mradi wa nje

Njia ya tatu ni kupanda basi lililokwisha kuondoka. Kuna jukwaa la Arbimon la shirika la Rainforest Connection, la bure, unapopandisha rekodi na kuziwinda kwa kulinganisha na mfano wa mlio. Kuna BirdNET, iliyotengenezwa na Cornell pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani, ambayo matoleo yake ya karibuni yana spishi zaidi ya 6,000. Kuna xeno-canto, maktaba ya milio ya ndege iliyofunguliwa 2005, ambayo yeyote anaweza kuichangia. Na barani kwetu kuna jumuiya ya bioakustika (utafiti wa sauti za viumbe) ya Afrika, ambayo kujiunga nayo ni jambo la kufanya vyovyote utakavyochagua, kwani inakupa watu wa kuwauliza maswali.

Faida ni wazi: hujengi kitu. Mtu wa peke yake, mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye vinasa vinne na miezi minane, asihangaike na mitandao wala vikao. Ajiunge, afanye, amalize.

Tatizo la kwanza ni njia ya kupitishia. Gigabaiti 500 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni karibu siku tano usiku na mchana, umeme usikatike na bando lisiishe. Zile terabaiti 5 ni siku 46. Aliyeko Amani kule Usambara, au Wundanyi, anajua kwamba kubeba diski kwa basi hadi mjini ni haraka zaidi. La pili, programu hizi zimefundishwa kwa rekodi zilizopo, na rekodi nyingi zilizopo zimetoka Ulaya na Marekani. Mashine inayomjua kila shomoro wa New York inaweza kumbatiza ndege wa Udzungwa jina la ndege ambaye hajawahi kuvuka Sahara. La tatu nitalifikia: rekodi zikishapanda, ni za nani?

Kwa msomaji mwenye haraka, naziweka bega kwa bega:

| | Kituo kimoja | Mtandao wa vikundi | Mradi wa nje |
|---|---|---|---|
| Anayesikiliza | waajiriwa wa kituo | wanakikundi, kila mmoja msitu wake | mashine kwanza, wewe baadaye |
| Kinachoiua | ufadhili kukatika | kila mtu kushika lake | intaneti, au mradi kubadili masharti |
| Kuvuka mpaka | kugumu | kwepesi | haihusiki |
| Inakofaa | tembo, risasi, mabadiliko ya miaka mingi | spishi zilizotawanyika misitu mingi | mtafiti mmoja, muda mfupi |

Jedwali linaficha kitu kimoja, nacho ni kwamba njia hizi huingiliana. Mtandao unaweza kutumia BirdNET, na kituo kinaweza kuwa mwanachama wa mtandao. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, ni mfano wa jinsi kidogo cha nyumbani kinavyoweza kuwafaa wote: Ciira wa Maina na wenzake walirekodi ndege katika hifadhi ya chuo chenyewe, wakachapisha kumbukumbu za sauti hizo mwaka 2016, ili mtu mwingine yeyote mwenye swali la ndege wa eneo la Mlima Kenya apate pa kuanzia.

Sikio la mashine na sikio la mzee

Ukishachagua njia, kazi halisi inaanza, nayo ni kutia majina. Programu ya Raven ya Cornell hukuonyesha sauti kama picha, unapita na macho badala ya masikio. Ni polepole, lakini inafundisha, na mwanafunzi aliyeanza na Raven hadanganywi kirahisi na mashine baadaye. BirdNET huchambua vipande vya sekunde tatu tatu, hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti, na humaliza kwa usiku mmoja kazi ya miezi. Kila jibu lake huja na namba kati ya 0 na 1. Namba hiyo si asilimia ya ukweli, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: 0.8 kwa spishi moja inaweza kuwa sahihi karibu kila mara, na kwa nyingine ikawa chura. Inabidi usikilize sampuli ya kila spishi mwenyewe, uone mashine inaanza kukosea wapi, uweke mpaka hapo.

Kwa ndege wa kawaida ningesema BirdNET bila kusita. Kwa komba na perere isahau, anza na Raven, kisha tumia Arbimon kutafuta milio inayofanana na ile uliyokwisha kuithibitisha.

Lakini uthibitisho unatoka wapi? Usiku mmoja tulikuwa na mzee anayetuongoza msituni, mtu ambaye amerina asali katika msitu ule tangu utotoni. Ikalia sauti ya kukwaruza, ikipanda hadi kuwa ukelele. Kijana mmoja akaandika haraka kwenye daftari, "bundi".

"Mzee, shikamoo tena, huyo si bundi?" akauliza alipomwona anatabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Huyo ni perere. Bundi hagombi na mkewe namna hiyo."

Jina la perere kwa lugha ya pale alilitaja pia, na majina mawili tofauti kwa milio miwili ambayo sisi tulikuwa tukiihesabu mmoja. Katika mtandao wowote wa Afrika Mashariki ningelazimisha kila mlio uwe na safu tatu: jina la kisayansi, la Kiswahili, na la lugha ya eneo. Si kwa ajili ya kupamba. Safu ya tatu ndiyo inayomwezesha mzee kukusahihisha mkiwa mmekaa barazani na spika ndogo, na masahihisho yake hayapatikani kwenye programu yoyote.

Hata kazi kubwa zilizotumia kompyuta hazikumwacha binadamu nje. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania wakiburuta kinasa cha majini nyuma ya mashua, wakitafuta milipuko ya uvuvi wa baruti. Walithibitisha milipuko 318, kwa kompyuta na kwa macho ya watu kwa pamoja, na karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Naupenda utafiti huo kwa sababu swali lilikuwa moja, na jibu lake afisa uvuvi anaweza kulitumia kesho asubuhi: peleka boti hapa.

Vinasa vyenyewe

Nilikwisha kusema nitafika. AudioMoth, iliyotoka 2017 kwa mikono ya wahandisi waliokuwa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, ni ndogo kama kiberiti kikubwa, hula betri tatu za AA, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Bei yake imekuwa chini ya dola 100, bila kasha, usafiri na ushuru. Huo ushuru uuliziwe mapema. Inarekodi hadi kilohezi 384, kwa hiyo inanasa hata popo. Song Meter ya kampuni ya Wildlife Acoustics, hasa SM4, ni mara kadhaa ya bei hiyo, lakini maikrofoni zake ni bora, kasha lake limezoea mvua, ina nafasi mbili za kadi, na betri zake ni zile kubwa za tochi zinazopatikana kwenye duka lolote la kijijini.

Kwa kituo kimoja kinachotaka miaka mingi ya rekodi zinazolinganika, ningenunua Song Meter chache. Kwa mtandao, AudioMoth, kwa sababu kikundi maskini kuliko vyote ndicho kinachopanga kasi ya msafara, na vinasa kumi vya bei nafuu vinafunika msitu vizuri kuliko viwili vya fahari. Kibaya ni kuchanganya aina mbili ndani ya ulinganisho mmoja kisha kudai msitu fulani una ndege wengi zaidi. Pengine una maikrofoni bora tu. Bajeti iwe na betri nzuri na vifuko vya kufyonza unyevu. Unyevu wa Usambara unaua vinasa vingi kuliko wezi, na siafu wanashika nafasi ya tatu.

Popo wana hesabu yao. Kwa kilohezi 256, saa moja ni karibu gigabaiti 1.8, usiku mzima wa saa 12 ni 22. Kikundi kisichoweza kumaliza kusikiliza ndege kisifungue mlango huo mwaka wa kwanza. Na kama lengo lenu ni kakakuona au sange, tafuteni kamera za mitego. Hao hawatawaambia kitu.

Rekodi ni za nani

Kuweka kila kitu wazi kunavutia, na kwa milio ya ndege wa kawaida sioni sababu ya kuificha. Ila mahali hasa alipo bundi wa Sokoke si habari ya kutangaza: wapo wapiga picha wanaomchezea ndege mlio wake usiku kucha ili atoke, naye anaacha kuwinda. Toa mlio, taja msitu, ficha mti. Mtandao uamue hili kabla ya rekodi ya kwanza, kwa maandishi, maana baada ya makala ya kwanza kuchapishwa watu huanza kukumbuka makubaliano tofauti.

Kisha kuna sauti za watu. Kinasa hakichagui: kinanasa kina mama wanaotafuta kuni, wapenzi, mzee anayemsema mwenyekiti wa kijiji. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Uganda vilevile 2019, Tanzania tangu 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, kijiji kikigundua kimekuwa kikisikilizwa bila kuambiwa, vinasa vyako utavikuta mtoni. Nendeni na kinasa kwenye mkutano wa kijiji, mrekodi mkutano kidogo, mwasikilizishe, mfute mbele yao. Na mseme waziwazi kama rekodi za misumeno na risasi zitapelekwa kwa askari wa wanyamapori au la. Mimi nadhani kikundi cha utafiti kinachoishi na jamii kisigeuke kachero. Kazi ya risasi iachiwe kituo chenye mamlaka hayo, na kijulikane hivyo.

Mimi ningechagua hivi

Kama ni tembo, risasi au misumeno, tafuteni kituo kimoja chenye fedha za miaka mitano na mjiunge nacho, mkidai kwa maandishi kwamba nakala ya rekodi na mafunzo ya kusikiliza vibaki kwenu. Mwanafunzi wa peke yake atumie majukwaa ya nje. Wengine wote, yaani wengi wenu, mtandao wa vikundi, pamoja na mtu mmoja anayelipwa. Asiwe mratibu wa semina. Awe mtunza maktaba: anayepokea diski, anayekagua saa na majina, na anayempigia simu aliyesahau picha ya mti. Fedha zikitosha mshahara mmoja tu au vinasa 20 zaidi, lipeni mshahara.

Mwezi wa kwanza msirekodi kila kitu. Chukueni bundi wa Sokoke: vinasa vitano Kenya, vitano Tanzania, kuanzia magharibi hadi alfajiri, dakika moja kwa kumi, wiki mbili. Hizo ni dakika 10,000 hivi, saa 168. Wasikilizaji wanane, kila mmoja saa 21, na kila kipande cha kumi kisikilizwe na mtu wa upande wa pili wa mpaka bila kuonyeshwa jibu la mwenzake. Pale mtakapotofautiana, pigianeni simu, mcheze kile kipande, mbishane.